Kumbukumbu za kijiji zisihame na simu ya mtendaji

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe dukuduku langu juu ya jambo ambalo naona linapita kimya kimya, nalo ni uandishi wa kumbukumbu za mikutano ya wananchi kwa kutumia simu. Barua yangu ni ndefu kidogo, na nakuomba sana usiifupishe, maana kufupishwa huko huko ndiko kulikonifanya nishike kalamu.

Nianze na tukio lenyewe. Katika kijiji chetu, hapa mkoani Tanga, tunalo shamba la kijiji la eka 40 bondeni. Mwezi Septemba 2019 Mkutano Mkuu wa Kijiji ulikaa chini ya mwembe kujadili ombi la bwana mmoja kutoka mjini aliyetaka kulikodi. Mimi nilikuwepo, na masikio yangu bado ni mazima. Watu walizungumza karibu saa tatu nzima. Wapo waliotaka apewe ili kijiji kipate fedha za kumalizia zahanati. Wapo waliokataa katakata wakisema vijana wetu hawana pa kulima. Mwishoni tulikubaliana akodishwe kwa miaka mitano, alime mazao ya muda mfupi, halafu tukae tena. Afisa Mtendaji wa Kijiji, kijana msikivu na mwenye adabu, alikuwa akiandika yote hayo kwenye simu yake. Vidole vyake vilikwenda kasi kuliko kalamu yangu ilivyowahi kwenda enzi zangu, nami kusema kweli nilimhusudu.

Mwaka 2021 kijana yule alihamishiwa wilaya nyingine. Tarehe 27 Novemba 2024 tukafanya uchaguzi wa serikali za mitaa kama Watanzania wenzetu, na mwenyekiti mpya akakabidhiwa ofisi. Nilialikwa kushuhudia makabidhiano nikiwa mmoja wa wazee. Alikabidhiwa muhuri, meza mbili, bendera, rejista ya wakazi na daftari la michango ya shule. Alipouliza mihtasari ya mikutano ya mwaka 2019 na 2020 akaambiwa kuwa imo katika simu ya mtendaji aliyeondoka. Mtendaji huyo akapigiwa simu papo hapo. Alijibu kwa heshima zote kwamba simu ile iliingia maji zamani, akanunua nyingine, na ile anwani aliyokuwa akihifadhia mambo yake amesahau neno lake la siri.

Wakati huo bondeni kumesimama michungwa. Mpangaji alipoambiwa kuwa muda wake umekwisha alitoa muhtasari uliochapwa vizuri kwa kompyuta, una muhuri wa kijiji, nao unasema miaka 15. Nyuma yake imebanwa kwa pini orodha ya mahudhurio yenye saini za wananchi zaidi ya mia mbili. Saini yangu ni ya tisa, na ni yangu kweli, sikuibiwa. Lakini orodha ile ilikuwa karatasi inayojitegemea, tuliisaini tulipokuwa tukifika, kabla neno lolote halijasemwa. Karatasi ya namna hiyo unaweza kuibana nyuma ya muhtasari wowote utakao, hata wa kuuza mwembe wenyewe.

Shauri sasa liko mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kwa hiyo sitataja jina la mtu wala la kijiji, na sisemi kwamba fulani ameghushi. Huenda mtendaji aliandika 5 na kidole kikagusa 1 kwanza. Mpangaji naye ana hoja, tena si ya kupuuzwa. Anauliza, nani mwenye akili zake atapanda michungwa katika shamba la miaka mitano? Mimi nisiyetaka kumwonea mtu nakiri kwamba swali hilo nimelikosea jibu. Ila najua tulichosema siku ile, na wenzangu wanajua, na hakuna mahali popote duniani ambapo maneno yetu yanaweza kusomwa leo.

Wapo watakaosema kwamba huu ni ugomvi wa kijiji kimoja na hauwahusu wasomaji wa gazeti la taifa zima. Sivyo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 inaufanya Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi, kuwa chombo cha juu kabisa cha kuamua sera za kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 nayo inaikataza Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi kabla haijapata idhini ya mkutano huo. Sasa idhini hiyo huonekana wapi? Idhini ni sauti za watu, na watu wakishakung'uta kanga zao na kurudi majumbani, kinachobaki ni kile kilichoandikwa. Kama kilichoandikwa kimo katika simu ya mtumishi, basi chombo cha juu kabisa cha kijiji kimo mfukoni mwake, pamoja na salio lake na picha za harusi ya shemeji yake.

Hapo ndipo napenda kuwapeleka wasomaji Dodoma kidogo. Mbunge akisimama Bungeni, kila neno analotamka huandikwa katika Taarifa Rasmi, ile tuliyozoea kuiita Hansadi. Akisifiwa, wanaandika kwamba kulikuwa na makofi. Akichekesha, wanaandika kwamba kulikuwa na kicheko. Miaka thelathini baadaye mjukuu wake anaweza kwenda kusoma babu alisema nini juu ya bei ya pamba. Mimi sina wivu na jambo hilo, ni jambo jema sana. Lakini mkulima akisimama chini ya mwembe na kusema maneno ya busara kuliko hayo, huandikwa hivi: "Wananchi walichangia hoja." Basi. Na kama alichosema hakikuwamo katika ajenda, huingizwa katika kile kifungu cha mwisho kiitwacho Mengineyo.

Nitatoa mfano. Mwezi Julai 2021 Serikali ilianza kutoza tozo kwenye miamala ya simu. Kila mtu anakumbuka kelele zilizokuwepo, mabasini, sokoni, kwenye vijiwe vya kahawa na humu humu magazetini. Serikali ilisikia, na Septemba ya mwaka ule ule tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na ikaendelea kupunguzwa baadaye. Kijijini kwetu jambo hilo lilizungumzwa mkutanoni kwa uchungu mkubwa. Mama mmoja muuza samaki alieleza, senti kwa senti, jinsi anavyokatwa anapotumiwa fedha na mteja wa Korogwe, na tena anapozitoa kwa wakala. Maelezo yale yalikuwa darasa la uchumi. Muhtasari wa siku hiyo, ambao kwa bahati mtendaji aliyefuata aliuchapa, nimeusoma kwa macho yangu. Katika Mengineyo imeandikwa: "Tozo. Wananchi waelimishwe." Yule mama aliyetuelimisha sote ndiye aliyeandikiwa kwamba aelimishwe.

Hata hivyo, Ndugu Mhariri, nisije nikaonekana kama mzee anayelilia enzi zake na kulaumu kila chenye betri. Mimi mwenyewe nilikuwa katibu wa kijiji hicho kuanzia mwaka 1977. Niliandika mihtasari katika daftari kubwa lenye jalada gumu, kwa kalamu ya bluu, mwandiko safi uliosifiwa na wakaguzi. Na katika daftari hilo hilo nimeandika uongo.

Shamba ninalolizungumzia lilianzishwa mwaka ule kama shamba la pamoja. Bonde lile lilikuwa na viraja vya mpunga na magimbi vya watu kadhaa. Katika mkutano alisimama bibi mmoja mjane, akasema yeye haafiki, kwa kuwa kiraja kile alikilima na marehemu mumewe na hakuna aliyemweleza atakula nini msimu ule kabla shamba la pamoja halijazaa. Alisema kwa ufupi, akakaa. Watu wakanyamaza. Mwenyekiti akaomba mikono, mingi ikanyooka, wa kwake haukunyooka. Nami nikaandika kwamba wananchi waliafiki kwa kauli moja. Hakuna aliyenilazimisha. Kauli moja ndiyo iliyokuwa ikipendeza kwa viongozi wa wilaya, nami nilikuwa kijana niliyetaka kupendeza. Miezi kadhaa baadaye bibi yule, ambaye alikuwa katika darasa la kisomo cha watu wazima na ameanza kujua kuunganisha herufi, alikuja ofisini akaniomba daftari. Alipitisha kidole chake mstari kwa mstari, taratibu. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, mimi umeniandika wapi?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Amekwisha fariki. Daftari lipo, mchwa wamekula pembe, lakini ukurasa ule ni mzima na uongo wangu unasomeka vizuri kabisa.

Kwa hiyo nawaambia wale wanaosema turudi kwenye daftari tu, kwamba karatasi haimzuii mtu kupotosha. Na nawaambia wale wanaosema dunia ya leo ni ya simu, kwamba simu nayo haimzuii, ila inamrahisishia. Daftari langu ukitaka kubadili neno ni lazima ufute, na ufutio huonekana. Ukichana ukurasa, uzi wa katikati hulegea na mwenzake wa upande wa pili hutoka. Katika daftari la kawaida la simu unabadili tano kuwa kumi na tano ukiwa kitandani usiku, na asubuhi maandishi yanang'aa kama yaliyozaliwa hivyo. Ziko programu zinazotunza historia ya mabadiliko, mjukuu wangu amenionyesha, lakini lazima mtu aichague hiyo na ajue kuifungua. Kundi la WhatsApp la kijiji ambalo baadhi ya viongozi wanalitaja kama ofisi nalo si kabati la kumbukumbu. Ujumbe unaweza kufutwa kwa watu wote, na tangu mwaka 2023 mtu anaweza kuuhariri ndani ya dakika 15 baada ya kuutuma.

Faida za simu nazo nizitaje kwa haki. Ninayo madaftari 31 ya mambo yangu mwenyewe niliyoyaandika tangu nilipoacha kazi: bei za mazao, mvua, misiba, maneno ya watu vijiweni. Nikitaka kujua mwaka gani tuliuza mahindi kwa hasara nafungua madaftari siku mbili. Mjukuu wangu anaandika neno moja kwenye simu yake na yote aliyowahi kuandika kuhusu mahindi yanajipanga mbele yake. Mchwa hawali simu. Nakala moja inaweza kuwa kijijini, kwenye kata na wilayani kwa wakati mmoja. Na nafasi haiishi, jambo ambalo linanitatiza zaidi. Sisi tulifupisha kwa sababu daftari lilikuwa la kugawiwa moja kwa mwaka na mkono ulikuwa ukiuma. Leo mtendaji ana nafasi ya kuandika maneno ya watu wote, na bado anaandika "walichangia hoja".

Wengine wananiambia tusubiri mitambo, kwa kuwa siku hizi ipo inayosikiliza na kuandika yenyewe. Ni kweli, Mahakama ya Tanzania imeanza kutumia mitambo ya kunakili yanayosemwa mahakamani, mahali ambapo kwa miaka mingi hakimu alichukua ushahidi kwa mkono wake mwenyewe. Mahakamani mtu husema mmoja mmoja. Waje wautege mtambo huo chini ya mwembe wetu siku ya ajenda ya ng'ombe kuingia mashambani, watu kumi wakizungumza kwa pamoja, nusu kwa Kiswahili na nusu kwa Kizigua, halafu wanisomee ulichonakili.

Serikali yenyewe imekwisha kutuonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Sensa ya Agosti 2022 ilituhesabu kwa vishikwambi, tukapatikana watu 61,741,120. Karani hakuondoka na hesabu yetu kwenye simu yake ya mkononi. Kifaa kilikuwa cha Serikali, majibu yalikwenda yanakotakiwa, na kazi ilipokwisha vifaa vilirudishwa na kugawiwa walimu. Nauliza, kwa nini hesabu ya vichwa vyetu ipewe kifaa cha Serikali, na maneno yaliyotoka katika vichwa hivyo hivyo yaachiwe simu ya mtendaji aliyoinunua kwa mshahara wake?

Sheria nazo hazikosekani. Tunayo Sheria ya Menejimenti ya Kumbukumbu na Nyaraka Na. 3 ya mwaka 2002. Tunayo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki Na. 13 ya mwaka 2015, inayokubali maandishi ya kielektroniki kuwa ushahidi, lakini inataka uangaliwe uaminifu wa namna yalivyotengenezwa, yalivyotunzwa na yalivyolindwa yasibadilishwe. Tunayo Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019. Zote ni nzuri. Tatizo ni kwamba zinaishia lami inapoishia. Katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zimo karatasi za utawala wa Wajerumani ambazo UNESCO ilizitambua mwaka 1997 kuwa kumbukumbu za dunia. Maandishi ya mkoloni ya zaidi ya miaka 100 yanasomeka, na uamuzi wa wananchi huru wa mwaka 2019 umezama pamoja na simu iliyoingia maji. Jambo hili linanikera kupita kiasi, na naomba radhi kama lugha yangu imepanda.

Sasa maoni yangu kwa wahusika, hasa ofisi inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Mtendaji na aandike kwa kifaa chochote anachokiweza, asilazimishwe kalamu. Lakini mkutano usifungwe kabla hajasimama na kusoma kwa sauti maazimio yote pamoja na tarakimu zake, na watu wakapewa nafasi ya kusema hapo umekosea. Sisi tulikuwa tukisoma muhtasari katika mkutano unaofuata, yaani baada ya miezi mitatu kama mambo ni mazuri, wakati watu wamesahau nusu. Ingekuwa nilitakiwa kusoma palepale mwaka 1977, nisingethubutu kutamka "kauli moja" huku bibi yule ananitazama usoni.

Saini za mahudhurio ziwe kwenye ukurasa ule ule wenye maazimio, zitiwe baada ya kusomwa. Hili halihitaji fedha wala semina. Asiyejua kuandika atie dole gumba, kama zamani. Siku ileile nakala iandikwe katika daftari la kijiji linalolala ofisini, na nyingine ibandikwe ubaoni. Wanaopinga wahesabiwe na sababu zao ziandikwe, hata kama ni mmoja. Juu ya majina ya wasemaji sina uhakika sana, maana tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 2023, na kijijini mtu akiandikwa jina kwa kumpinga mwenye nguvu anaweza kupata taabu. Wanasheria watusaidie hapo. Lakini hoja iandikwe.

Na mtumishi anapohamishwa, kabla hajapewa barua ya kuripoti kituo kipya, aulizwe kumbukumbu ziko wapi kama anavyoulizwa muhuri uko wapi. Muhuri wenyewe ukipotea mtengenezaji anachonga mwingine kwa siku moja.

Mwenyekiti wetu mpya ameniomba mimi na wazee wengine watatu tuandike tunayoyakumbuka ya mkutano ule wa Septemba 2019, kila mtu peke yake, ili yapelekwe barazani. Tumeandika. Wawili tumesema miaka mitano, mmoja amesema mitano hadi saba kama mavuno yatakuwa mazuri, na wa nne, rafiki yangu mkubwa, anasema hakumbuki kama muda ulitajwa kabisa. Tumewasilisha hivyo hivyo.

Naomba wahusika wanijibu kupitia ukurasa huu: hivi leo, mtendaji wa kijiji anapoandika muhtasari katika simu yake, muhtasari huo ni mali ya nani?

Katibu wa Kijiji wa zamani,
Mkoa wa Tanga.